Kocha wa Jukwaani

Jumanne jioni Derek alimega ugali kwa mkono wa kushoto, na baba yake akaacha kutafuna.

"Mkono gani huo?"

"Sorry, Dad."

"Mezani kwangu watu hula kwa mkono wa kulia. Hata Toronto. Hata kama picha yako iko kwenye gazeti la chuo."

Derek akalihamishia tonge kwenye mkono wa kulia. Kemunto, mama yake, alikuwa ameketi mbele yake na aliona yote. Aliona kiwiko kimebanwa kwenye mbavu, na jinsi kijana alivyoinamisha kichwa kuufuata mkono badala ya kuuinua mkono hadi kinywani. Aliona na jasho juu ya mdomo wake, ilhali ilikuwa Oktoba na dirisha lilikuwa wazi. Nyakundi, baba yake, hakuona kitu. Alikuwa anaongea habari za kocha.

Siku hizo Nyakundi alikuwa haongei habari nyingine. Asubuhi alimsema kocha akivaa viatu, mchana alimsema kwenye ghala la Downsview alikoendesha foklifti, jioni akamaliza na mkewe. Mwanawe alikuwa kwotabeki wa timu ya chuo ya ule mpira wa Kimarekani unaorushwa kwa mikono, yaani yule anayepokea mpira kwanza na kuamua uende kwa nani, na Wakenya wa sehemu hizo hawakuwa wamewahi kuwa na mtu wao mahali kama hapo. Wakimbiaji walikuwa nao hadi wamewazoea. Lakini kwotabeki! Kufikia Septemba palikuwa na kundi la WhatsApp la watu themanini na sita, Nyakundi akiwa msimamizi. Kati ya hao themanini na sita, labda wanne walijua sheria za mchezo. Hilo halikuwazuia wengine kufundisha.

Timu ilikuwa imecheza mechi tano na kupoteza nne. Ndiyo maana Nyakundi aliandika barua ya kutaka kocha aondolewe.

"Jumamosi baada ya mechi inaingia ofisini," alisema. "Watu mia moja na arobaini wameshatia sahihi. Pasi fupi, pasi fupi, kila siku pasi fupi! Mtoto ana mkono wa kurusha hadi Mississauga, na yule kichwa maji anamfanya atupe mpira kama mtu anayerudisha chenji."

"Dad, please," Derek alisema.

"Please nini? Nakutetea."

Derek alimaliza ugali wake wote kwa mkono wa kulia. Ilimchukua muda mrefu, na baba yake akadhani ni adabu.

*

Baada ya chakula Kemunto alimfuata Derek chumbani. Alimkuta amesimama katikati ya chumba, fulana imekwama kichwani, mkono mmoja nje na mwingine ndani. Kijana wa miaka ishirini, mrefu kuliko mlango, alikuwa ameshindwa kuvua fulana.

Kemunto alikuwa akiwavua nguo wazee kila siku kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi. Alijua kuanza na mkono mzima, kisha kichwa, kisha ule mbovu. Alipofika kwenye bega la kulia Derek alitoa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu akiwa darasa la pili.

"Tangu lini?"

"Mechi ya pili." Alijibu kwa Kiingereza, kama alivyojibu kila kitu, na mama akauliza kwa Kiswahili, kama alivyouliza kila kitu. "Nilienda kliniki. Wanataka nipigwe picha. Daktari anasema kuna kitu kimeanza kuchanika ndani. Nikirusha kwa nguvu kabla hakijapona, kinaweza kukatika kabisa."

"Kikikatika?"

"Basi. Sitarusha tena."

Kemunto akakaa kitandani. "Kocha anajua?"

"Hapana. Na Dad asijue. Mum, Jumamosi kuna watu wanakuja kuniangalia, wa timu za kulipwa. Nikisema naumwa Nabeel, yule wa akiba, anaingia, na Nabeel akiingia hatoki. Ni mechi moja tu. Pasi fupi naweza. Nikitupa fupi haiumi sana. Niahidi."

Mama mwenye akili timamu angekataa. Kemunto alikuwa na akili timamu, lakini pia alikuwa ameona uso wa mumewe siku Derek alipotajwa kikosi cha kwanza. Kwa miaka kumi na minane ya Canada mumewe hakuwa na lolote la kumsimulia mtu, na siku hiyo alipiga simu hadi Kisii. Akamkanda mwanawe bega kwa kitambaa cha maji ya moto, akaahidi, na akajichukia papo hapo.

*

Alhamisi watu wakaja kutia sahihi. Derek alikuwa mazoezini. Sebule ilijaa, viti vikaisha, wengine wakakaa kwenye zulia, na Nyakundi akaiweka mechi iliyopita kwenye televisheni ili kila mtu ajionee ushahidi.

"Tazama hapo! Kulia yuko mtu peke yake, hana hata mbu wa kumsumbua. Kwa nini hakurusha?"

"Kocha amemfunga mikono," alisema mmoja.

"Huyo kocha angekuwa kwetu kwenye raga, hata maji asingepewa kubeba," akasema mwingine.

Mmoja alisema kijana anakosa maombi. Mwingine akasema anakosa nyama. Kemunto alikuwa jikoni akichemsha chai, na kila sentensi ilimfikia.

Aliyebisha alikuwa Zaheer. Alifanya kazi ghala moja na Nyakundi, mkazi wa Vaughan, mzaliwa wa Arusha aliyefika Canada akiwa mdogo, na alikuwa mmoja wa wale wanne waliojua sheria. Alikuja na daftari.

"Mzee Nyakundi, usinikasirikie. Mimi nimeandika kila mpira aliorusha. Mechi ya kwanza, ndefu saba, sita zimefika. Kuanzia ya pili, ndefu kumi na moja, zimefika mbili. Nyingine zote zimedondoka kabla ya kumfikia mtu. Kocha alianza pasi fupi mechi ya tatu. Kijana aliharibika kwanza, kocha akafuata."

"Kwa hiyo kosa ni la mtoto wangu?"

"Sijasema hivyo. Nimesema hesabu haimtaji kocha. Na kuna kitu kingine." Zaheer akasita. "Kabla ya kurusha anatazama juu, jukwaani. Anatutazama sisi."

Sebule ikacheka, kwa sababu kila mtu alijua kwa nini. Tangu mechi ya kwanza Nyakundi alikuwa na silaha yake. Aliketi nyuma ya benchi la timu na kumpigia mwanawe kelele kwa Kiswahili: mbali, kushoto, kimbia, usimsikilize huyo. Sauti yake ilikuwa imekomaa kwa kushindana na mitambo. Derek alikijua Kiswahili vizuri hata kama hakukizungumza, na hapo uwanjani nani mwingine angeelewa? Wapinzani hawakuelewa, mwamuzi hakuelewa, kocha ndiye kabisa. Wakenya waliona ni ujanja mtamu sana. Kila Jumamosi walimtukana kocha kwa uhuru, mgongo wake ukiwa mita tano mbele yao.

"Anatazama kwa sababu anatafuta msaada," Nyakundi alisema. "Na mimi nampa."

Nkirote, muuguzi aliyeishi ghorofa ya chini yao, alikuwa hajacheka. "Rudisha nyuma kidogo," alisema. "Hapo. Simamisha. Tazameni kiwiko. Mkono haupandi. Huyo mtoto analilinda bega."

Kemunto akaacha kukoroga.

"Bega!" Nyakundi alisema. "Dada Nkirote, angekuwa na bega bovu mimi babake nisingejua? Nakula naye meza moja."

Chai ikafurika na kuzima moto. Nkirote akaja jikoni kusaidia kupangusa, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Derek, mtoto anaumwa."

"Ni uchovu."

"Niangalie."

"Ni uchovu, Nkirote. Masomo na mazoezi." Kemunto alipangusa mahali palipokuwa tayari pamekauka. Walikuwa marafiki kwa miaka tisa, hawakuwa wamewahi kudanganyana, na wote wawili walijua kwamba sasa mmoja amedanganya. Nkirote akaning'iniza kitambaa, akaaga, akaondoka bila kutia sahihi.

*

Jumamosi kulikuwa na baridi na jua. Derek alianza vizuri. Pasi zilikuwa fupi zote, za haraka, mpira ukimtoka mkononi kabla ya mabeki kumfikia, na hata Zaheer alifunga daftari akashangilia. Kwenye viti vya chini walikaa wanaume wawili wenye kofia zinazofanana, wakiandika. Kemunto aliwaona. Alikuwa akihesabu dakika kama mwanamke anayesubiri mtu atoke chumba cha upasuaji.

Zikabaki dakika mbili. Timu ilikuwa nyuma kwa alama mbili. Katika mchezo wa Canada timu hupewa nafasi tatu za kusogea yadi kumi, na mbili zilikuwa zimeshapotea. Kocha Keith, mtu mfupi mwenye mvi, alisimama kando ya uwanja akaashiria kwa vidole: fupi, kushoto.

Nyakundi akasimama. "Derek! Mbali! Mbali, kulia! Usimsikilize huyo kichwa maji!"

"Mbali! Mbali!" wakaitikia Wakenya. Walikuwa arobaini siku hiyo, na jukwaa dogo la mbao likatetemeka.

Derek alikuwa ameinama kupokea mpira. Akainuka tena. Akamtazama kocha, kisha akatazama juu, na Kemunto akaona macho yake. Aliyajua macho hayo. Yalikuwa yale ya mtoto aliyesimama mlangoni na barua ya shule, akisubiri kuambiwa kama atachapwa. Kisha Derek akarudisha mguu wa kulia nyuma zaidi, na hata Kemunto, asiyejua sheria hata moja, alijua mguu ule ulimaanisha nini. Alikuwa anakwenda kurusha mbali. Alikuwa anakwenda kumtii baba yake.

Ahadi ikamtoka Kemunto kichwani. Alipanda juu ya kiti. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, hata kanisani.

"Derek! Usirushe! Bega litakatika! Mwambie kocha bega linauma, mwanangu! Mwambie sasa hivi!"

Alipiga kelele kwa Kiswahili kama mumewe, na kwa sababu ile ile. Aliamini kwamba katika uwanja mzima anamwambia mtu mmoja. Nyakundi aligeuka kumtazama mkewe akiwa bado ameinua mikono.

Lakini aliyegeuka kwanza alikuwa kocha. Aligeuka mzima mzima, akamtafuta Kemunto kati ya watu, akamwona juu ya kiti, akamtazama kwa muda mfupi sana. Kisha akaingia uwanjani akipunga mikono miwili, mchezo usimamishwe. Alimfikia Derek, akamwambia neno, akauweka mkono wake chini ya kiwiko cha kulia na kujaribu kukiinua taratibu. Derek akaanguka kwa magoti.

Nabeel aliingia. Alirusha pasi fupi, kushoto, ikashikwa. Haikutosha. Timu ilifungwa kwa zile zile alama mbili, na wale wanaume wawili wenye kofia wakaondoka kabla ya kipenga.

*

Nyakundi alishuka hadi kwenye ua uliotenganisha jukwaa na uwanja. Barua ilikuwa ndani ya koti, kwenye bahasha ya plastiki. Alikuwa na hasira na hakujua amkasirikie nani: mkewe, mwanawe, au mtu yule mfupi aliyekuwa akija kuelekea kwao akipangusa miwani. Akaamua kumkasirikia mtu mfupi, maana alishamzoea.

Alianza kwa Kiingereza. Kocha akamngoja amalize.

"Habari za mchana, mzee," akasema kocha. "Mama, asante sana. Bila wewe angerusha."

Kilikuwa Kiswahili, cha polepole, cha Nairobi ya miaka mingi iliyopita, cha mtu aliyekitumia sana zamani na kukiweka. Nyuma ya Nyakundi Wakenya arobaini walisimama wakijikumbusha, kila mmoja kwa wakati wake, kila neno walilowahi kusema wakiwa mita tano nyuma ya mgongo ule. Mmoja alianza kuondoka kwa kunyata.

"Unajua Kiswahili," Nyakundi alisema.

"Nilizaliwa Pangani, Nairobi. Sisi ni Wagoa, asili yetu India. Tulihamia Mississauga nikiwa na miaka kumi na minne. Mama yangu mpaka leo akikasirika anakasirika kwa Kiswahili."

"Na umekuwa ukitusikia tangu..."

"Tangu mechi ya kwanza. Niliambiwa wazazi wa Derek ni Wakenya. Nikafurahi kweli, nikapanda nije niwasalimu. Nilifika hapa hapa uliposimama." Kocha akaonyesha ua. "Ukasema, huyu kichwa maji amekodishwa wapi. Watu wakacheka. Nikaona nirudi tu kazini kwangu."

Nyakundi akarudi hatua moja nyuma kutoka kwenye ua.

"Kila wiki nasikia. Mbali, kulia, usimsikilize. Nikadhani kijana anaharibikiwa kwa sababu anasikiliza makocha wawili. Ndiyo nikampa zile pasi fupi, mpira umtoke kabla hajakusikia. Nilikosea. Nimesikia yote mliyosema, mzee, mechi sita. La bega tu ndilo hakuna mtu aliyelisema."

"Mimi nilijua," Kemunto alisema. Alishuka ngazi ya mwisho. "Baba yake hakujua. Mimi nilijua tangu Jumanne."

Kocha hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Alisema tu kwamba gari la kumpeleka Derek hospitali lilikuwa tayari na nafasi ni ya mzazi mmoja. Kisha akaiona bahasha, kwa sababu Nyakundi alikuwa ameshaitoa na sasa hakujua pa kuiweka.

"Hiyo ni ya ofisini?" Kocha aliuliza, bila kejeli. "Mlango wa pili. Hata Jumamosi wanapokea."

Akaenda kuwafariji wachezaji wake. Kemunto akaenda na gari. Nyakundi alibaki ameshika bahasha kwa mikono miwili, na Zaheer akasimama kando yake kwa muda mrefu bila kutaja hesabu yoyote.

"Twende nyumbani, mzee," hatimaye akasema.

*

Picha ilionyesha kwamba nusu imechanika na nusu imeshika. Daktari alisema mwaka mzima bila kucheza, pengine zaidi, na kwamba angerusha mara moja tu kwa nguvu zake zote, wasingekuwa wakizungumza habari za mwaka. Nkirote ndiye aliyewafafanulia, Jumapili mchana, akiwa amekaa kwenye kiti kile kile cha Alhamisi. Kemunto alimwomba msamaha mlangoni alipokuwa akitoka. Nkirote akasema, "Nilikasirika, lakini nimekuja," na yote mawili yalikuwa kweli.

Kwenye kundi jumbe zilikuwa zimefika mia tatu. Wale ambao hawakuwa uwanjani walikuwa wakimlaani kocha kwa kumtoa Derek dakika ya mwisho, na kuuliza barua imepokelewa saa ngapi. Wale waliokuwepo walikuwa kimya kabisa, kila mmoja akingoja mwingine aseme.

Nyakundi alikaa na simu saa nzima. Aliandika, akafuta. Aliandika habari za kliniki na madaktari, akafuta. Mwishowe akaandika: "Kocha hana kosa. Mtoto alikuwa anaumwa na mimi nilikuwa nampigia kelele. Barua haiendi popote. Nyakundi." Aliweka jina kana kwamba wasingemjua. Watu sabini na mmoja waliusoma kabla ya chakula. Wawili walijitoa kwenye kundi. Zaheer pekee ndiye aliyejibu, akaandika, "Asante, mzee."

Jioni wakakaa mezani watatu. Mkono wa kulia wa Derek ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa cha bluu. Kemunto aliweka ugali, sukuma na nyama. Derek alitazama sahani, akatazama huku na huku akitafuta uma, na hapakuwa na uma mezani, kwa sababu haujawahi kuwekwa.

"Nikuulize," Nyakundi alisema. "Kule uwanjani. Ulikuwa unanisikia?"

"Ni wewe tu niliyekuwa nakusikia, Dad," Derek akasema kwa Kiingereza.

Nyakundi akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena, kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali.

"Na bega. Kwa nini hukuniambia?"

Derek alitafuta maneno, na alipoyapata yalikuwa ya Kiswahili, yamepinda pinda, ya mtu asiyezoea. "Ulikuwa na furaha sana, Baba. Ningekuambia saa ngapi?"

Kemunto alisukuma kiti ainuke kuleta uma.

"Kaa," Nyakundi alimwambia. Kisha kwa mwanawe, "Kula. Kula na wa kushoto."

Derek hakusogea. Miaka ishirini ya kukemewa haiondoki kwa neno moja, na mkono wake mzima ulibaki mapajani.

Basi Nyakundi akauweka mkono wake wa kulia chini ya meza. Akanyoosha wa kushoto, akamega ugali, akajaribu kuukanda, tonge likavunjika na kumwangukia shatini. Akamega tena. La pili likafika kinywani, bovu, na sukuma ikiwa imedondokea mezani. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha.

Derek akanyoosha mkono wa kushoto. Kemunto akalisogeza bakuli la nyama upande ule, mahali ambapo wote wawili wangelifikia.